Kambi ya Kulala, Kambi ya Kukaa, Kambi ya Porini: Mwongozo Kamili wa Kusafiri na Hema Tanzania na Kenya

Watu wengi wakiamua kusafiri na hema huanzia dukani. Wananunua hema, godoro na tochi, kisha ndipo wanajiuliza waende wapi. Nakuomba uanzie upande wa pili. Kaa chini na wenzako wa safari mjibu swali moja: kambi hii tunaitaka itufanyie kazi gani? Itulaze usiku mmoja kesho tuendelee na barabara? Iwe nyumba yetu kwa siku nne? Au kambi yenyewe ndiyo safari, yaani tumetoka mjini ili tulale pale na kumsikia simba akinguruma?

Hizo ni kambi tatu tofauti. Kila moja ina saa yake ya kufika, chakula chake, mzigo wake na bajeti yake. Nimeona familia zikirudi nyumbani zimenuniana na hema likaishia stoo, na mara nyingi kosa halikuwa la hema wala la mvua. Walikwenda kulala usiku mmoja wakiwa na mzigo wa kukaa wiki, au waliingia hifadhini na maandalizi ya kulala kando ya barabara.

Nina sababu nyingine ya kuandika. Bado tunaamini kwamba kambi ni mambo ya wageni. Ukifika Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, mwezi wa saba, mahema yamejaa, lakini Mtanzania unayemkuta ni dereva au mpishi. Hali ya kuwa raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, na kiasi chake ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni kwa dola. Kwa familia ya watu watano, hema ndilo linaloifanya Serengeti iwezekane. Lodge haziko kwenye uwezo wa wengi wetu. Kambi ya umma iko.

Kabla ya yote: pima saa, usipime kilometa

Chukua ramani na uandike kila siku mtatoka saa ngapi na mtafika saa ngapi. Kilometa zinadanganya. Dar hadi Iringa ni kama kilometa 500, lakini kila kijiji ni mwendo wa 50, trafiki wako barabarani na tochi zao za kupimia mwendo, na Mlima Kitonga ukikutana na foleni ya malori huna la kufanya ila kusubiri. Hesabu saa 9 au 10, siyo 6.

Sasa weka sheria moja isiyovunjwa: saa 10 jioni muwe mmefika kambini, saa 11 hema limesimama. Huku kwetu jioni haina subira. Saa 1 usiku giza limeshaingia, na hema linalosimamishwa kwa mwanga wa simu huwa limewekwa juu ya jiwe, mzizi au njia ya siafu. Siku ambazo saa zako hazikubali ufike mapema, zitie alama. Hizo ni siku za kambi ya kulala tu, na usizipangie jambo lingine.

Kambi ya mpita njia

Huu ndio mtindo rahisi kuliko yote, na ndio watu wanauharibu kwa kutaka kuufanya mkubwa. Umechoka, una usiku mmoja, asubuhi saa 12 unataka kuwa barabarani. Unachohitaji ni usalama, choo, maji ya kuoga na ukimya.

Kwenye barabara kuu ya kusini, Kisolanza, lile shamba la zamani baada ya Iringa ukielekea Mafinga, limepokea wasafiri wa namna hii kwa miaka mingi. Sehemu nyingine utapata hosteli za misheni na nyumba ndogo za wageni zenye uwanja mpana, ambako hema linakubalika hata kama hakuna kibao kinachosema hivyo. Piga simu siku moja kabla, uulize tu: "Mnaruhusu kupiga hema uwanjani, na mnatoza kiasi gani kwa kichwa?" Ukifika, kabla hujalipa, zunguka na mlinzi. Muulize maji yanatoka saa ngapi, usiku anakaa upande gani, gari linaweza kulala ubavuni mwa hema, na kama jirani kuna baa. Swali la mwisho usilipuuze. Tuliwahi kulala mahali pazuri sana kwa macho, nyasi fupi, bafu safi, ila nyuma ya ukuta kulikuwa na ukumbi, na muziki ulizimwa saa 9 usiku. Dereva wetu aliendesha kesho yake akiwa na macho mekundu, na kati ya mambo yote ya safari hilo ndilo lililonitia hofu.

Usipike. Kula wali na maharage au ugali na samaki njiani saa 9 alasiri, kisha fika kambini umeshiba. Kabla ya kulala chemsha maji ujaze chupa ya chai, asubuhi mnakunywa huku mnakunja hema. Vitu vitakavyotoka kwenye gari viingie kwenye begi moja: hema dogo linalosimama lenyewe bila kutegemea kamba, shuka, tochi, mswaki, taulo. Vingine vyote vibaki vimefungiwa ndani. Kama unasafiri hivi mara kwa mara, hema la juu ya gari lina faida hapa, kwa sababu linafunguka kwa dakika chache. Kwa mitindo mingine mimi silipendi sana: kila ukitaka kuondoa gari lazima uvunje nyumba yako.

Tahadhari moja ya njia hiyo hiyo. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilometa 50. Usipange kupita hapo usiku ili "uwahi" kambi ya mbele. Twiga na nyati hawaoni taa zako kama wewe unavyowaona, na faini ya kugonga mnyama ni kubwa. Giza likikukuta Morogoro, lala Morogoro.

Kambi ya makao

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na huu. Unafika mahali pamoja, unasimamisha hema, na unakaa usiku tatu au nne. Mchana unatoka, jioni unarudi kwako. Watoto wanajua choo kilipo, wewe unajua mama anayeuza mboga, mlinzi anajua majina yenu. Siku ya pili tu mnaanza kupumzika, jambo ambalo mwenye kuhama kila siku halipati.

Chagua mahali penye mambo matatu ya kufanya ndani ya saa moja. Naivasha ni mfano mzuri. Ukipiga kambi kwenye barabara ya kusini ya ziwa, Hell's Gate iko karibu, na ni moja ya hifadhi chache ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Mlima Longonot, mita 2,776, unapandwa na kushukwa kwa siku moja. Ziwa lenyewe lina boti na tai. Lushoto nayo inafaa: baridi ya Usambara, genge la Irente linaloangalia uwanda ulio chini, msitu wa Magamba, na soko la mboga ambalo litakufanya upike kila siku. Pwani, kati ya Tanga na Pangani, kuna sehemu kama Peponi ambako unapiga hema hatua chache kutoka baharini.

Sasa kuhusu kuchagua kiwanja, usikubali mahali pa kwanza unapoonyeshwa. Tembea. Simama ukitazama magharibi na mashariki, ujue jua litachomoza wapi: hema likipigwa na jua la saa 1 asubuhi, saa 2 hamlaliki tena. Tafuta kivuli cha asubuhi. Tazama juu. Tawi kavu halina huruma, na pwani usilale chini ya mnazi hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani, maana nazi haigongi hodi. Tazama chini. Nyasi zilizolala upande mmoja zinaonyesha maji hupita hapo mvua ikinyesha. Mstari mweusi unaotembea ni siafu, hama mita nyingi, na ubaki na kopo la majivu la kuzungushia hema. Naivasha ongeza swali moja: viboko wanapandia wapi usiku? Wanatoka ziwani kula nyasi, na kambi nyingi zimeweka uzio wa umeme kati ya mahema na maji. Hema likae upande wa watu, na usiku usivuke uzio hata kwa picha.

Baharini ongeza hili: uliza bamvua ni lini. Mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji kwenye pwani yetu hupanda sana, na kati ya kupwa na kujaa tofauti inaweza kufikia kama mita 4. Mstari wa mwani mkavu mchangani ndio mpaka wa maji ya mwisho. Hema liwe juu yake, tena kwa nafasi.

Kulisimamisha: tandika kwanza turubai, nalo liwe dogo kidogo kuliko sakafu ya hema. Likizidi nje, litakinga mvua na kuiingiza chini yako. Fagia vijiti na vijiwe kwa mguu, kisha lala chali dakika moja kabla hujafungua hema, ili ujue kichwa kitakuwa upande gani. Ardhi ikiinama kidogo, kichwa kiwe juu. Kigingi kiingie kwa kuinama, kichwa chake kikielekea nje ya hema, ili kamba ikivuta isikichomoe. Kwenye udongo wa Lushoto kigingi kinashika kama msumari kwenye mti mbichi. Kwenye mchanga wa Pangani hakishiki chochote. Upepo wa kusi ukianza saa 8 mchana, vigingi vinachomoka kimoja kimoja. Dawa yake ni viroba vidogo: jaza mchanga, funga kamba ya hema katikati ya kiroba, chimba kiasi cha kiwiko cha mkono, zika, kanyagia. Viroba vinne, pembe nne. Tangu nifundishwe hivyo na kijana mmoja wa Kigombe, sijawahi kukimbiza hema ufukweni.

Jiko la makao ni jiko la kweli. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu unatosha familia kwa siku nne bila wasiwasi. Chukua sufuria tatu zinazoingiana, kisu kimoja kizuri, ubao, mwiko, ndoo mbili na dumu la lita 20. Maharage yachemshwe nyumbani na yagandishwe: siku ya kwanza yanafanya kazi ya barafu kwenye sanduku la baridi, siku ya pili ndiyo chakula. Nyama na samaki ziwe za siku ya kwanza, mayai siku ya pili, dagaa na nazi siku ya tatu. Mboga nunua hapo hapo. Meza ndogo ya kukunja ni muhimu kuliko viti. Kupika umechutama siku moja ni raha, siku nne ni mgongo.

Beba kanga za kutosha. Kanga ni pazia la kubadilishia nguo, ni kivuli, ni taulo, ni kitambaa cha meza.

Kuhusu bei, kambi nyingi hutoza kwa kichwa kwa usiku. Uliza waziwazi bei ya raia, bei ya watoto, na kama usiku wa tatu una punguzo. Mara nyingi lipo kwa anayeuliza. Na siku ya kwanza msitoke. Pikeni, ogeni, mtembee kambini. Longonot ipo, haihami.

Kambi ya porini

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na hapa ndipo nitakaa zaidi, maana makosa ya huku ni ya hatari.

Ndani ya hifadhi za taifa, Tanzania na Kenya, kambi ziko za aina mbili. Kambi ya umma ni ya kila mtu: ina vyoo, mara nyingi bafu, na kibanda cha kupikia. Seronera ziko kadhaa karibu karibu, kama Pimbi, Nyani na Tumbili, na vibanda vyake vya kupikia vimezungushiwa wavu wa chuma ili mle ndani muwe salama ninyi na chakula chenu. Hazina uzio. Fisi anapita, nyati anapita, simba anapita. Kambi maalum ni kiwanja kilichotengwa kwa kundi lako peke yako, kinawekewa nafasi mapema, bei yake ni kubwa zaidi, na kwa kawaida hakina huduma yoyote: maji, choo, mwanga, vyote unaleta. Kwa safari ya kwanza chagua ya umma. Majirani ni usalama, na mpishi wa kundi la jirani atakufundisha mengi ukimsalimia vizuri.

Malipo yafanye kabla hujafika getini. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, haipokei pesa taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au kwa simu. Kenya ni kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo. Ngorongoro iko chini ya mamlaka yake yenyewe, siyo TANAPA, kwa hiyo anayekwenda Serengeti kwa njia ya Karatu hulipa kote kuwili. Beba vitambulisho vya taifa vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bila hivyo bei ya raia huwezi kuidai.

Kisha tumia saa zako kwa akili. Kibali cha Serengeti huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia. Ukiingia saa 12 asubuhi Jumamosi, Jumapili alfajiri muda umekwisha kabla wanyama hawajaanza shughuli zao. Ukiingia saa 6 mchana Jumamosi, unapata jioni nzima ya kwanza na asubuhi nzima ya pili, nazo ndizo nyakati mbili bora za kuona wanyama. Kiingilio ni kile kile kimoja.

Gari liwe la kuvuta magurudumu yote. Noah imetufikisha mbali barabarani, lakini kuteremka kreta ya Ngorongoro au kwenda Seronera baada ya mvua siyo kazi yake. Kukodi gari moja la familia mbili kutoka Karatu ni uamuzi wa busara kuliko kuvunja lako. Jaza tangi kabla ya geti. Maji ya kunywa hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kupikia yakiwemo. Mifuko ya plastiki acha: Kenya iliipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017, Tanzania tangu 1 Juni 2019, na tangu 5 Juni 2020 Kenya hairuhusu hata chupa za maji za kutumia mara moja ndani ya hifadhi. Beba madumu na chupa za chuma. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, kwa sababu mbung'o hufuata rangi hizo. Mitego ya kuwakamatia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Sasa jioni yenyewe, hatua kwa hatua, kama tunavyofanya sisi.

Saa 10 na nusu tunafika. Tunachagua nafasi katikati ya mahema mengine, siyo pembeni kabisa ambako watu hupenda kwa ajili ya mandhari. Hatupigi kwenye njia iliyokanyagwa, maana iliyokanyagwa na wanyama leo itakanyagwa nao usiku. Gari linakaa hatua tatu kutoka mlango wa hema na mlango unaangalia gari. Ufunguo unapewa mtu mmoja.

Saa 11 tunapika, ndani ya kibanda. Saa 12 tumekula. Kila chenye harufu kinarudi kwenye gari: matunda, mkate, mafuta ya kupikia, sabuni, hata dawa ya meno na pipi ya mtoto iliyo mfukoni. Hili nalirudia kwa kila ninayesafiri naye. Tembo hunusa chungwa kwa mbali, na ukuta wa hema kwake si kitu. Nyani atachana zipu mchana kwa ajili ya ndizi moja. Viatu vinaingia ndani ya hema, kwa sababu fisi hubeba ngozi. Sufuria zilizooshwa zinaingia kwenye gari, kwa sababu fisi hubeba hata sufuria.

Saa 3 kila mtu amekwenda chooni kwa mara ya mwisho, wawili wawili, na tochi ikizungushwa polepole kwanza. Macho yanayong'aa yakirudisha mwanga, simama, rudi nyuma taratibu, ingia garini. Usikimbie. Baada ya hapo zipu zote zinafungwa, na ndani ya hema kuna kopo lenye mfuniko kwa haja ya usiku. Wapo wanaoona aibu kopo. Mimi nitawabembeleza wakubali kulitumia, kwa sababu saa 8 usiku ndiyo saa ambayo mtu mwenye usingizi hufungua zipu bila kuangalia nje.

Usiku wetu wa kwanza Simba, ile kambi ya umma iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, tembo dume alikuja kunywa kwenye tangi la maji. Ni jambo la kawaida pale. Alipita kati ya hema letu na la Wajerumani, na kilichonishangaza ni kwamba miguu yake haikutoa sauti. Tulichosikia ni tumbo likiunguruma, kisha majani yakikatwa, kisha maji yakivutwa kwa mkonga na kumwagwa mdomoni, mara kwa mara, bila haraka. Binti yangu wa miaka 9 alinishika mkono. Hatukuwasha tochi, hatukusema neno. Mnyama hulichukulia hema kama kichuguu, kitu cha kuzungukwa, mradi hakina harufu ya chakula na hakipigi kelele. Alipoondoka tulisikia pumzi za watu mahema yote.

Kambi hiyo iko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku wake unatesa aliyetoka Dar na shuka moja. Beba blanketi zito kwa kila mtu, soksi, kofia, na uweke kitu kinene chini yako, maana baridi ya ardhini inauma kuliko ya hewani. Lakini usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata likiwa na makaa mawili, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya chuma, ivishe soksi, ilaze miguuni.

Jambo la mwisho la porini ni maji ya mito. Usipige hema ndani ya korongo au kwenye ukingo wa chini, hata kama mchanga ni mkavu na mbingu ni safi. Mvua inanyesha milimani, maji yanakukuta wewe. Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake Maasai Mara, kambi nyingi zikafunikwa na watu wakaokolewa kwa helikopta. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mimi huchagua kambi za juu tu.

Kuomba kiwanja

Wanaosafiri kwa baiskeli na pikipiki wanaujua mtindo huu: jioni imekukuta, kambi hakuna. Usijifiche vichakani. Nenda kwenye ofisi ya kijiji au ulizia nyumbani kwa mwenyekiti. Kenya muulize chifu. Salimia, keti ukikaribishwa, jieleze unatoka wapi na unakwenda wapi, onyesha kitambulisho, saini kitabu cha wageni. Kisha omba: "Naomba sehemu ya kuweka hema langu usiku huu, kesho alfajiri naendelea." Utaonyeshwa uwanja wa shule, zahanati, msikiti au kanisa, au ua wa nyumba yake. Ukishapokelewa, wewe ni mgeni wa kijiji kizima na kila mtu anajua ulipo. Usitoe pesa mbele ya watu. Kilo mbili za sukari au majani ya chai asubuhi, ukiikabidhi kwa mama mwenye nyumba, ni heshima inayotosha.

Kambi za mlimani

Hizi hazikupi uchaguzi mkubwa. Kilimanjaro lazima uwe na mwongozaji, na kambi zimepangwa kufuatana na njia: ukipita Machame utalala Machame, Shira, Barranco, mara nyingi Karanga, kisha Barafu ambayo iko zaidi ya mita 4,600. Anayepita Marangu halali kwenye hema, analala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Kazi yako wewe ni kuhakikisha una mfuko wa kulalia wa baridi kali na kuongeza siku moja ya kuzoea hewa kama pesa inaruhusu. Mengine yako mikononi mwa wapagazi na mwongozaji.

Kuchanganya mitindo katika safari moja

Safari ndefu nzuri huwa na yote. Mfano tunaopenda kutoka Dar: usiku tatu Lushoto kwa makao, usiku mmoja Arusha kama wapita njia, usiku mmoja Simba na mmoja Seronera, kisha Arusha tena na kurudi. Siku nane. Tunafunga mizigo mitatu tofauti kabla ya kuondoka. Begi la usiku linakaa juu kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Sanduku la jikoni linakaa chini, halitolewi usiku wa kupita njia hata mtu akililia chai. Gunia la porini, lenye mablanketi, kopo, tochi kubwa na madumu ya ziada, linabaki limefungwa hadi Karatu. Kila mtu akijua leo ni mzigo gani unafunguliwa, ugomvi wa jioni unakwisha.

Kuvunja kambi kuna utaratibu wake. Hema lianikwe juani kwanza mpaka umande ukauke, kwa sababu likikunjwa bichi litaota ukungu ndani ya siku mbili. Takataka zote ziingie kwenye gunia na ziondoke nanyi, maganda ya ndizi yakiwemo. Ganda unaloliacha leo ndilo linalomfundisha nyani kufungua hema la mwenzako kesho. Makaa yamwagiwe maji mpaka uweze kuyashika kwa mkono. Kisha watoto wapange mstari upande mmoja wa kiwanja na watembee polepole hadi upande wa pili wakiangalia chini. Mwisho hesabu vigingi kabla ya kuwasha gari. Hema letu lina 14, na cha 14 huwa kimebaki kwenye nyasi.